Alimwachia dada yake mawe, sasa anayaonea wivu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linaanza kugusa mawe. Bondeni bado ni ukungu mtupu, na kabichi za kando ya mto Ruhuji zimepauka kwa jalidi, ule umande unaoganda ambao wakazi wa Njombe wanaujua kila Julai. Anselmi Mtewele anapuliza vidole vyake mara mbili, anashika randa na kuisukuma juu ya ubao wa paina.

Maranda yanajikunja na kudondoka miguuni pake. Hatua kama kumi kutoka aliposimama, mlango wa kibanda namba tatu unafunguliwa. Anatoka Mzungu aliyejitanda blanketi, anakaa juu ya jiwe na kuutazama mto. Amesafiri kutoka mbali kote huko ili aje akae juu ya jiwe.

Mara anapita mwanamke mwenye ndoo ya maji ya moto kichwani, mvuke ukimfuata nyuma.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene," anajibu Anselmi bila kuinua uso. Randa inasukumwa kwa nguvu kuliko ubao unavyohitaji.

Mwanamke akishapita, fundi anasogea karibu na mwandishi na kushusha sauti. "Umeona? Kila asubuhi ni hivyo. Maji ya moto, mgeni, jiwe. Na mimi napiga randa."

Anafikiri kidogo, kisha anaongeza: "Andika kwamba ninaona wivu. Usije ukaandika kwamba nayafurahia mafanikio ya dada yangu. Watu wa magazeti mnapenda sana kuandika hivyo."

Basi imeandikwa.

Anselmi, mwenye umri wa miaka 52, ni seremala. Mahali anapofanyia kazi ni kambi ya wageni yenye vibanda vitano vya mbao, juu ya mwamba kando ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu ya Makambako kwenda Njombe. Sasa anajenga kibanda cha sita. Kambi si yake. Ni ya Dafroza, huyo mwenye ndoo, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, ambaye humlipa Sh1,500 kwa siku na chakula cha mchana.

Malipo hayo hayalalamikii. Anasema ni ya haki, na chakula ni kizuri, jambo ambalo nalo linamuudhi. Kinachomnyima usingizi ni kwamba mawe haya yote, kuanzia pale alipokaa Mzungu mpaka kwenye poromoko dogo la maji kule chini, Dafroza aliyapata kwa sababu yake yeye Anselmi.

Ilikuwa mwaka 1988. Baba yao, marehemu mzee Agustino, alikuwa mgonjwa na alitaka kugawa ardhi akiwa bado na akili zake. Dafroza alikuwa amerudi nyumbani kutoka Songea baada ya kufiwa na mume, akiwa na watoto watatu na mabegi mawili.

Katika familia hiyo, kama katika nyingi za bonde lile, mali yenyewe hasa ni vinyungu, yaani mashamba ya bondeni ambayo udongo wake mweusi haukauki hata kiangazi. Mwenye kinyungu anakula mahindi mabichi wakati mwenzake anatazama vumbi. Na vinyungu ni vya watoto wa kiume.

"Baba aliniita mara mbili," anasimulia Anselmi. "Akasema, 'Anselmi, mkatie mwenzio japo matuta ishirini.' Nikasema hapana, mwanamke shamba lake liko kwa mumewe. Baba akasema mumewe amekufa. Nikasema basi apewe kule juu."

Kule juu ni huku kwenye mwamba. Hapakuota hata boga. Kina mama walipatumia kuanikia nguo, na wenye dhambi zao, anasema Anselmi, walipatumia kunywea ulanzi, pombe ya mianzi, mbali na macho ya padri.

Dafroza hakulia wala hakubisha. Alijenga nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa mwamba, akawa anauza ulanzi msimu wa mvua na viazi vya kuchemsha barabarani msimu wa kiangazi. Kaka yake alikuwa na vinyungu, na juu ya vinyungu alikuwa na kazi ya mshahara katika kiwanda cha mbao cha serikali. Siku hizo hakuwa na sababu ya kumwonea mtu wivu.

Mwaka 1993 kiwanda kikauzwa. Wafanyakazi 140 walipunguzwa, na Anselmi, aliyekitumikia kwa miaka kumi na tisa, alikuwa wa ishirini na mbili kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Alirudi bondeni na sanduku la vifaa vyake.

"Walituambia huu ni wakati wa biashara huria, kila mtu atafute," anasema. "Nikasema sawa, nitatafuta. Sikujua kwamba kitu chenyewe kingekuja kwa baiskeli."

Kilikuja Desemba ya mwaka huohuo. Zamani Mzungu akionekana bondeni na hema mgongoni, balozi wa nyumba kumi angefika kabla hema halijasimama. Sasa mambo yalikuwa ruksa. Vijana wawili, mwanamume na mwanamke, waliingia nyumbani kwa Anselmi wakisukuma baiskeli zilizojaa tope na kuomba mahali pa kulala karibu na mto.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anselmi alifanya kama alivyolelewa, akawapa kilicho bora. Alikata kabichi arobaini ambazo hazijakomaa, akasawazisha matuta, akawaonyesha udongo mweusi laini ambao hajawahi kumpa mtu yeyote, hata dada yake.

"Udongo ule ukichomeka fimbo inaota," anasema. "Niliwapa hao watu moyo wangu."

Wageni walishukuru sana, wakalala. Asubuhi matandiko yao yalikuwa yameloa kwa chini, vyura wamewapigia kelele mpaka alfajiri, na baridi yote ya Njombe ilikuwa imeteremka ikakusanyika bondeni, kama kawaida yake. Wakatoka nje ya hema wakitetemeka. Wakainua macho, wakaona mwamba juu kule unawaka jua.

Waliuliza ni kwa nani. Wakahama kabla ya chai. Kwa Anselmi walilala usiku mmoja. Kwa Dafroza walikaa siku nne, na walipoondoka wakamwachia fedha ambazo hakuwa ameziomba.

"Nilicheka," anasema Anselmi. "Nikamwambia mke wangu, hawa watu hawana akili, wanaacha udongo wanalalia jiwe."

Mke wake, Avelina, ambaye alikuwa akimenya viazi wakati wa mazungumzo haya, alikuwa na la kuongeza. "Alicheka siku mbili," alisema. "Siku ya tatu akaanza kuacha ugali kwenye sahani."

Wale wa baiskeli walipofika Makambako waliisimulia habari ya mwamba kwa mtu aliyefaa kuisikia. Rukaiya, mzaliwa wa Kondoa aliyehamia Makambako kumfuata mume msafirishaji, ana nyumba ya wageni karibu na stendi ya mabasi. Hapo hushukia wanaotoka kwenye treni, wanaosubiri malori ya Zambia, na wale wachache wanaouliza njia ya kwenda kuona maua ya Kitulo au kuogelea Ziwa Nyasa.

Hao wa mwisho Rukaiya huwakalisha kwenye kiti kimoja cha mbao chenye mto mwekundu, anafungua daftari la shule na kuwapangia safari. Usiku wa kwanza kwake. Siku mbili mtoni Njombe. Moja Makete. Tatu Matema, kwenye vibanda vya ufukweni. Anauliza nani anaogopa baridi, nani hali nyama, nani anakoroma ili apewe kibanda cha pembeni.

Kisha anaandika barua, anampa Mudy, kondakta wa basi la asubuhi, naye anaiteremsha dukani kwa Hilario pale njia panda ya kuingilia bondeni. Hakuna simu huku. Lakini mgeni akifika kesho yake anakuta maji yanachemka na mtu anayejua kwamba hali nyama.

"Wageni wanadhani ni uchawi," Rukaiya alimwambia mwandishi huku akicheka. "Ni daftari tu, na Mudy."

Kila barua huanza na maneno yaleyale: Kwa Dafroza. Kwa fedha za wageni na mkopo wa kikundi cha akina mama wa kigango cha kanisa, Dafroza alijenga kibanda cha kwanza, kisha cha pili, mpaka vikafika vitano. Fundi alimtoa Makambako. Alitumia mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo ambayo wenye viwanda huyatupa.

"Mabanzi!" Anselmi anarudia, kama mtu aliyetajiwa tusi. "Na milango yake, panya anapita na mzigo kichwani. Mimi fundi, kaka yake, niko pale chini, nasikia nyundo ya mtu mwingine."

Kwa nini hakumwita?

"Muulize yeye," anasema. "Labda angeniita, ningesema sina nafasi."

Mwaka 1996 Anselmi akajenga vibanda vyake vitatu. Alivijenga bondeni, juu ya vinyungu, kwa sababu moyo wake ulikataa katakata kwamba ardhi mbovu inaweza kuishinda nzuri. Mbao zilikuwa za kwanza, zimepigwa randa pande zote mbili. Madirisha aliyafanya madogo ili baridi isiingie. Milango ilikaa kwenye fremu barabara kabisa. "Upepo wenyewe ulibisha hodi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Wageni walimjia pale tu mwamba ulipojaa. Rukaiya alikuwa akiandika mwishoni mwa barua kwa Dafroza: wakizidi, waende kwa kaka yake.

"Kwa kaka yake," Anselmi anasema polepole. "Miaka miwili. Sina jina. Mimi ni kaka wa mtu."

Hapo wivu ukakomaa. Alikiri kwamba alifikia hatua ya kusimama jioni nyuma ya zizi akihesabu taa zinazowaka juu ya mwamba. Zikiwa tano, hakulala. Zikiwa mbili, aliamka mapema akiimba, na Avelina akajua kilichotokea bila kuuliza.

Februari mwaka huu, katikati ya zile mvua ambazo redio iliziita El Nino, alipita dukani kwa Hilario kununua misumari. Hilario alitoa karatasi iliyokunjwa chini ya mizani. "Mpelekee dada yako," alisema, kama alivyokwisha kusema mara nyingi.

Njiani Anselmi aliifungua. Wageni wanne, walimu wastaafu mume na mke na mabinti zao wawili. Siku mbili, kisha Kitulo kuona maua, kisha ziwani. Mama ana magoti mabovu, apewe kibanda kisicho na ngazi. Watafika kesho mchana.

Barua ikaingia mfukoni, na haikutoka. Kesho yake saa sita alikuwa amesimama njia panda amevaa koti lake la kanisani. Wageni waliposhuka kwenye basi aliwaambia kwamba kwa Dafroza kumejaa, na kwamba yeye ndiye kaka yake.

"Ndiyo mara pekee neno hilo lilinifaa," anasema.

Aliwatandikia, akawapa chai na mahindi ya kuchoma. Saa nane mvua ikaanza, si pale, bali kule juu mto unakotoka. Saa kumi mto ukabadilika rangi. Saa kumi na moja maji yalikuwa yamepita kwenye mstari wa migomba, yakaingia kwenye kabichi, yakafika chini ya vibanda.

Vibanda havikuanguka. Vilizama. Nguzo za upande wa mto zilididimia kwenye udongo mweusi, ule udongo ambamo fimbo huota, na fremu zikapinda. Mabinti wawili walikuwa nje, wakakimbilia juu. Lakini wazazi wao walikuwa wamelala kibanda namba moja, na mlango uliotengenezwa usipitishe hata upepo ulikuwa umekaza, haufunguki. Dirisha halikutosha kupitisha mtu mzima.

"Nilisikia yule mama anagonga kwa ndani," Anselmi anasema. Anaweka randa chini. "Nikachukua shoka. Mlango ule niliutengeneza siku sita. Niliupiga shoka, na kwa ubora wake haukupasuka."

Maji yalikuwa yamefika magotini aliposikia sauti nyuma yake. Dafroza alikuwa ameona kila kitu kutoka juu ya mwamba, akateremka mbio na mtarimbo mkononi, pamoja na Hilario aliyekuwa amepanda kwake jioni hiyo.

"Kaka, achana na mlango! Bandua ukuta wa nyuma!"

Wakabandua ukuta wa nyuma, ubao kwa ubao, misumari ya inchi nne ikipiga kelele. Wazee wale walitoka kwa nyuma, mmoja mmoja, mama akibebwa mgongoni na Hilario. Hakuna aliyeumia. Saa moja baadaye kibanda namba moja kilikwenda na mto, na cha pili kikakifuata.

Walipofika juu, vibanda vyote vitano vilikuwa wazi na vitupu, vitanda vimetandikwa, mashuka yamekunjwa pembe.

"Yule mama alitazama kibanda cha kwanza mpaka cha tano," Anselmi anasema. "Kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana."

Na yeye alijisikiaje, dada yake alipookoa wageni wake?

Seremala huyu angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua. "Aibu ilikuja baadaye," alisema. "Pale pale nilichoona ni wivu. Nimeloa mpaka kiunoni, nina shoka mkononi, na ninawaona wanamkumbatia yeye."

Wiki iliyofuata Rukaiya alipanda basi la Mudy mwenyewe, akatembea nusu saa kwenye tope na viatu mkononi. Anselmi alimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Kaka Anselmi," alimwambia, "mimi siuzi vitanda. Nauza neno langu. Namwambia mtu atalala juu penye mwamba, naye anaamini, hata hajanijua. Ukilichezea neno langu, nitauza nini tena?"

"Nisamehe, mama Musa," alisema Anselmi.

Tangu siku hiyo ile sentensi ya mwisho, ile ya kwa kaka yake, ikafutika kwenye barua.

Watu wa bonde walisubiri ugomvi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wengine hawakuchukua jembe, wakaanza kumwonyesha Dafroza namna ya kumshitaki kaka yake kwa balozi. Yeye hakwenda.

Mwandishi alimkuta Dafroza, mwenye umri wa miaka 46, nyuma ya jiko lake akisugua masufuria kwa majivu. Alikuwa amejua habari ya ile barua tangu jioni ileile, Hilario alipomuuliza kama aliipata.

"Nilikasirika, kwa nini nisikasirike?" alisema. "Ningeweza kumkuta yule mama amekufa. Siku tatu sikumsalimia. Lakini nimeishi na mawe ya kaka yangu miaka kumi. Ukishazoea mawe unazoea na mwenye kuyatoa."

Mei, maji yalipopungua, aliteremka bondeni amebeba ubao mmoja begani. Akautua mbele ya kaka yake. "Mbao zako zimenasa kwenye mawe yangu," alimwambia. "Thelathini na mbili, nimezihesabu. Njoo unijengee kibanda cha sita."

Anselmi alikataa siku mbili. Alisema hawezi kuwa kibarua wa mdogo wake. Siku ya tatu Avelina alimwekea sanduku la vifaa mlangoni. "Baba Judith," alimwambia, "mbao ni zako, mwamba ni wake. Ama uende, ama ukae hapo utazame kabichi."

Alikwenda. Na kazi anayoifanya, hata asiyejua useremala anaiona. Mbao zilizosafiri na mafuriko zimepigwa randa upya mpaka zinang'aa. Nguzo zinasimama juu ya jiwe tupu. Madirisha ni mapana, yanatazama mto. Kibanda hiki kikikamilika, vile vitano vya mabanzi vitaonekana mabanda ya kuku, na Anselmi anajua. Anapopita karibu navyo anakohoa.

Wivu umepungua?

"Nani kasema umepungua? Umepata kazi tu."

Wiki mbili zilizopita alikwenda Makambako kununua bawaba. Akapita kwa Rukaiya. Hakubaki mlangoni kama anavyofanya siku nyingine, aliingia mpaka ndani na kukaa kwenye kile kiti chenye mto mwekundu.

"Nataka kulala mtoni," alimwambia.

Rukaiya alishangaa. "Mtoni si ndiko kwenu?"

"Nataka kulala kama mgeni. Juu. Kibanda cha sita."

Rukaiya alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Alipoona mwenzake hacheki, alinyamaza, akafungua daftari. Siku ngapi? Mbili. Wangapi? Wawili, yeye na Avelina. Mnaogopa baridi? Hapo Anselmi naye akacheka kidogo.

"Asubuhi mnapenda nini?" aliuliza Rukaiya, kalamu ikisubiri.

"Niliitazama ile kalamu," anasimulia Anselmi. "Nina miaka hamsini na miwili. Mtu hajawahi kuniuliza asubuhi napenda nini."

Rukaiya alitaka kuendelea na safari, kama kawaida yake. Na Matema je, ziwani? Anselmi alitikisa kichwa. "Ziwa lisubiri. Kwanza nimalizane na dada yangu."

Anachotaka anakijua vizuri. Anataka kukaa kwenye kibaraza kile asubuhi, bila randa, ateremshe macho na kuona bonde lake kutoka juu. Vinyungu vyake, zizi lake, moshi wa jikoni kwake. "Yeye ameviona miaka kumi, kila siku akiamka," anasema. "Mimi mwenyewe sijawahi kuviona hivyo. Nataka nione alikuwa anatazama nini."

Saa tisa alasiri Hilario anapanda mwambani akihema. Ana karatasi iliyokunjwa mkononi. Anamwona Anselmi kwanza, anasita, kisha anamnyooshea. "Mpelekee dada yako," anasema, na hasogei.

Anselmi anaipokea. Anaishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, mbali na mfuko. Anavuka mwamba mpaka jikoni, na karatasi inafika ilivyokuwa.

Dafroza anafuta mikono kwenye khanga, anasoma akiwa amesimama. Anarudia tena kusoma, safari hii kwa sauti. Jumamosi tarehe mosi Agosti, kibanda kipya, siku mbili, Bwana Anselmi Mtewele na mkewe Avelina. Asubuhi wanapenda chai ya maziwa, na bwana asisemeshwe mpaka jua limemfikia. Maji ya moto ndoo mbili.

Kaka yake anatazama mto. Masikio yamemwiva.

"Kibanda hakina mlango," anasema Dafroza.

"Nauweka Alhamisi."

"Usije ukakaza."

"Nimeacha nafasi ya kidole pande zote."

Dafroza anaikunja barua, anaifunga kwenye pindo la khanga. Anainua ndoo, anaisuuza, anaigeuza ikauke, na anauliza kama anavyomuuliza kila anayelala hapa: "Maji nikuletee saa ngapi, kaka?"

Anselmi amekwisha kuanza kurudi kwenye ubao wake. Anasimama.

"Kumi na mbili," anasema. "Kabla hujawapelekea Wazungu."